Ekzosi Niliyomchagulia Yustina

Aibu nyingine mtu unazizika mwenyewe kimyakimya, lakini hii yangu imeshasambaa mpaka vijana wa bodaboda pale stendi ya Sumbawanga wananiita Hata Kesho ("Mzee Hata Kesho, nikupeleke?"), na nusu yao hawajui hata jina lenyewe limetoka wapi. Kwa hiyo jamani bora niwasimulie mwenyewe kwa mdomo wangu, kabla hamjaisikia kwa watu wa kwaya, maana wale kila wakiisimulia wanaongeza ubeti.

Mimi naitwa Ladislaus, ila wote mnaniita Ladi. Nina mashine ya kusaga karibu na soko, nasaga mahindi, nasaga ulezi, na mtu wa mashine ana ugonjwa wake mmoja ambao daktari hauoni: mchana kutwa watu wanaongea na wewe na wewe husikii kitu, unaangalia mdomo tu unavyokwenda, unashika neno moja moja, halafu unatikisa kichwa na kusema "ndiyo", "sawa", "kabisa", na kazi inakwenda, unga unatoka, mama anabeba ndoo yake anaondoka ameridhika. Nimefanya hivyo tangu ujana. Siwadanganyi, hata kanisani padri akihubiri nami nikiwa mbali natikisa kichwa.

Sasa, gari. Nina Pijo 404, sedani, niliachiwa na baba mdogo Apolinari (Mungu amrehemu), rangi yake zamani ilikuwa ya maziwa na siku hizi sijui niiiteje. Injini yake ina silinda nne zilizojipanga mstari mmoja kama watoto wa komunyo ya kwanza, na moshi wa zote nne unatokea ubavuni, unakusanywa na chuma kimoja, halafu unaingia kwenye bomba refu linalopita chini ya miguu yako mpaka nyuma. Katikati ya hilo bomba kuna kopo la kupunguza kelele, mafundi wanaliita sailensa. Hilo bomba zima na kopo lake ndiyo ekzosi, na hiyo ekzosi ndiyo iliyonimaliza.

Enzi za baba mdogo ekzosi ya lile gari ilikuwa na tundu mahali fulani. Ilitoa mvumo mzito, unatetemeka kidogo, kama mtu wa besi anayeimba akiwa na mafua. Baba mdogo alikuwa ananituma kupeleka unga kwenye hosteli ya masista walikokuwa wanafundisha wasichana ushonaji, na huko ndiko alikokuwa Yustina, dada yake rafiki yangu Kasian. Nikifika getini namkuta ameshasimama, sweta la kijani limefungwa vifungo mpaka shingoni, mikono kwapani kwa baridi. "Nimekusikia tangu kule darajani," alikuwa anasema. Tunashusha unga, halafu yeye anaegemea boneti kwa sababu ilikuwa ya moto, nami naegemea pembeni yake, tunaongea. Tunaongea nini? Hakuna. Mvua, masista, ugali wa hosteli. Mpaka sista anaita, anaondoka, na pale alipokuwa ameegemea panabaki joto jingine kabisa ambalo si la injini (au ndivyo nilivyokuwa najiambia, maana nilikuwa naweka kiganja changu pale kabla sijawasha gari).

Neno lenyewe sikulisema. Nilijiambia mwakani, baada ya mavuno. Mavuno yakaja, nikajiambia mwakani. Halafu siku moja Kasian akaja mashineni wakati tunasaga, akasimama mlangoni akaongea, nikaona mdomo unasema "Yustina", nikatikisa kichwa, nikasema "vizuri sana". Mpaka tulipozima mashine ndipo nikajua kwamba Yustina ameolewa ng'ambo ya ziwa, Mpulungu, na mtu mwenye duka la nyavu, na kwamba mimi nimesema vizuri sana.

Sikuoa. Wengine mmeniuliza mara nyingi kwa nini, nikawajibu kwa utani, basi leo mjue. Yustina akazaa huko, akalea. Kasian akafariki, na kipindi kile mume wa Yustina naye alikuwa mahututi, hivyo Yustina hakuweza kuvuka kuja kumzika kaka yake. Kisha mume naye akaenda zake. Nilipiga simu kumpa pole, tukaongea kidogo, mtandao ukakatika, na kwa muda mrefu nikabaki na ile sauti yake sikioni kama maji yaliyoingia wakati wa kuoga.

Mwaka huu baada ya mavuno simu ikaita.

"Ladi, nakuja nyumbani. Jumapili. Boti itanishusha Kasanga, na nina mizigo. Utaweza kunipokea?"

"Nitakupokea."

"Kuna jambo nataka kukwambia, ila si la kwenye simu. Tutaongea njiani." Kisha akacheka, kicheko kilekile cha getini. "Hivi lile gari la baba mdogo bado lipo? Nilikuwa nalisikia kabla sijaliona."

Jamani. Mtu aliyekaa mwaka kwa mwaka akisubiri, umwambie maneno hayo, unategemea afanye nini? Nilipaka rangi chumba. Nyumba yangu ina vyumba vitatu, kile cha mbele nikakipaka rangi ya bluu ya anga, nikanunua na pazia. Halafu nikaliendea Pijo, nikaliwasha. Lilikuwa kimya. Ile ekzosi ya zamani ilishaoza, na mimi mwenyewe niliwahi kuizungushia mabati na waya mpaka ikakaa kimya, ikawa inakohoa tu kidogo kama mgonjwa anayeogopa kuwaamsha wenzake. Nikaona hapana. Yustina anakuja, anategemea kulisikia, nami nimpelekee kikohozi?

Nikaenda gereji kwa fundi Egidi.

Egidi ni kijana mchangamfu, hana baya. Alilala chini ya gari, akagongagonga, akatoka na kutu usoni. "Mzee Ladi, hii imekwisha. Sasa una njia mbili. Nakufungia bomba jembamba lenye sailensa yake, gari litakuwa kimya mpaka utasahau kama umewasha. Au..." Akaenda kwenye lundo la skrepa akavuta bomba nene, mtu unaweza kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. "Hili lilikuwa la lori. Nalinyoosha moja kwa moja mpaka nyuma, hakuna sailensa, hakuna nini."

"Mimi nataka ile sauti yake ya zamani," nikamwambia.

"Ilikuwaje?"

Na hapa ndipo aibu ilipoanza kuota mizizi, ingawa sikujua, kwa sababu nilimwimbia. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilisimama katikati ya gereji nikafumba macho, nikavuma kwa mdomo, nikatetemesha mashavu, mafundi wengine wakaacha spana wakaja kuangalia, na mmoja akaniomba nirudie gia ya pili.

Egidi alisikiliza kwa makini kabisa. "Hiyo ni sauti ya tundu, mzee. Tundu lilikuwa wapi? Karibu na injini au kwa nyuma?"

Sikujua. Nilikumbuka sweta, nilikumbuka vifungo vya sweta, nilikumbuka mpaka kile cha tatu kutoka juu ambacho hakikufanana na wenzake, lakini tundu la ekzosi lilikuwa wapi sikukumbuka, na nilisimama pale nikaona uchungu kweli, kama vile nimeambiwa kuna chumba kizima ndani ya nyumba yangu na mimi sijawahi kukiingia.

"Basi weka la lori," nikasema.

"Litaning'inia chini kidogo," Egidi akasema huku anatafuta miwani yake ya kuchomelea, "na injini ndogo ukiipa bomba pana namna hii inapungua nguvu mlimani. Lakini si unakwenda kupokea mgeni tu?"

"Litasikika?"

"Wewe ukiwasha hapa, Matai watatoka nje kukupokea."

Basi nikafurahi. Ningejua Matai, mji wa njiani kwenda Kasanga, ndiko nitakakoaibikia, ningemwambia Egidi afunge domo lake na anifungie lile jembamba.

Alipomaliza tukawasha. Kuku walikimbia. Mama anayeuza maandazi ng'ambo ya barabara alifunika beseni kwa mikono miwili kama vile mvua imeanza. Haikuwa ile sauti, nisiwadanganye, ile ya zamani ilikuwa inavuma na hii ilikuwa inapiga kelele tu, lakini nikajiambia kwa mbali itakuwa inafanana, hewa ya ziwani itailainisha. (Mtu akishataka kujidanganya hakosi sababu.)

Jumapili nikasali misa ya kwanza, nikavaa koti, nikashika njia. Uwanda wetu huu mnaujua wakati huo wa mwaka, ulezi umeshavunwa, mashamba yamebaki ya njano, mbingu imekaa karibu, na mimi peke yangu ndani ya ule mngurumo nikiwa nafanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa nimeyapanga. Nitaanza na gari, kisha hosteli, kisha Kasian, kisha polepole nifike kwangu. Sikufikiri hata mara moja kwamba haya maneno ninayoyafanyia mazoezi hata mimi mwenyewe siyasikii.

Kasanga nikafika mapema, boti ikachelewa. Nikaegesha karibu kabisa na maji. Ilipoonekana boti kwa mbali, imejaa watu na magunia, nikaingia garini nikawasha, nikakanyaga mafuta. Nikaachia, nikakanyaga. Nikasema sasa ananisikia, sasa anasimama, sasa anamwambia jirani yake "yule ni Ladi". Wavuvi walinijia kuniuliza kama gari limekwama kwenye mchanga. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa alinifokea kwamba nampulizia masizi. Nikawapungia mkono wote, nikaendelea.

Yustina alishuka akiwa ameziba masikio.

Jamani, alikuwa yeye. Amenenepa kidogo, uso umeingia mistari pembeni ya macho, kitambaa kichwani, lakini ule mwendo wa kuweka kisigino chini polepole kama anakanyaga kitu cha mtu ulikuwa uleule. Nikazima gari. Tukashikana mikono, mkono wake ukakaa ndani ya wangu.

"Ladi! Kumbe ni wewe? Mimi nilidhani ni jenereta la bandarini."

"Ni Pijo la baba mdogo."

Akalitazama. "Hili? Lilikuwa haliongei hivi."

Nikacheka, nikasema limezeeka, tumezeeka wote. Tukapakia mizigo, sanduku, magunia ya dagaa, godoro juu ya keria. Nikamfungulia mlango, akakaa, akatengeneza kitenge chake, akanitazama kwa namna ya mtu aliyebeba neno kwa muda mrefu anatafuta pa kulitua.

"Sasa tuongee," akasema.

Nami nikawasha gari.

Hapo mngeniona mngenihurumia. Tulipoanza kuondoka aliongea, nikaona mdomo. Angekuwa mtu mwingine angesimamisha gari akauliza "umesemaje?", lakini mimi ni mtu wa mashine, shingo yangu inajibu kabla sijafikiri. Nikatikisa kichwa. Akaendelea. Nikaona "Kasian", nikaona "peke yangu". Akatazama dirishani kidogo, akafuta jicho, akarudi kwangu, nikaona "nyumba", nikaona "wewe". Halafu nikaona "wewe" mara ya pili. Nikayaunga yale maneno mwenyewe kama mtu anayeunga vipande vya sahani, na sahani iliyotoka ilikuwa nzuri, ilikuwa ile niliyokuwa naitaka.

Kisha akaniuliza kitu. Nilijua ni swali kwa sababu alinyamaza, akanigeukia mwili mzima, akasubiri.

"NDIYO!" nikapiga kelele. "KABISA! HATA KESHO!"

Yustina akafunika uso kwa viganja, akalia. Kisha akaniwekea mkono begani, akaubonyeza, akauacha pale. Mimi nilikuwa naendesha gari lakini sijui nani alikuwa ameshika usukani. Niliona ziwa linabaki nyuma kwenye kioo, nikasema Mungu wangu, kumbe ilikuwa rahisi hivi, kumbe mambo yote hayo ya mwakani na mwakani yalikuwa ya nini.

Mlima ukaanza, na gari likakosa nguvu kweli kama Egidi alivyosema. Gia ya kwanza, mguu umekanyaga mpaka chini, mngurumo unapasua mbingu, na mwendo hakuna. Kulikuwa na mfugaji anapandisha ng'ombe zake kandokando ya barabara, tukawa tunakwenda sambamba nao, na ng'ombe mmoja mwenye pembe ndefu alikuwa ananitazama dirishani kwa masikitiko. Yustina alicheka mpaka akajipigapiga mapaja. Hata kile kicheko sikukisikia, nilikiona tu. Na ndipo nikaona hapana, yeye ameshasema lake, mimi sijasema langu, na mwanamume gani anaacha mwanamke aseme yeye tu?

Tukafika juu, tukashika tambarare, tukawa tunaingia Matai. Nikajaza kifua hewa. Ile mipango ya kuanza na hosteli nikaitupa.

"YUSTINA!"

Akanigeukia.

"MIMI SIKUOA KWA SABABU YAKO!"

Akakunja uso, akashika sikio. Hakusikia. Nikaongeza sauti mpaka koo likauma, na nikiwa namwangalia yeye badala ya barabara sikuona tuta. Lile bomba la lori likashika kwenye tuta, gari likasita kama ng'ombe aliyevutwa kamba, kikasikika kishindo cha chuma kung'oka, injini ikazima papo hapo, kimya kikatanda Matai yote, na ndani ya kimya kile, kwa sauti ambayo nilikuwa nimeitayarisha kuishinda ekzosi, nikamalizia:

"NIKUOE MIMI! HATA CHUMBA NIMESHAPAKA RANGI!"

Tuta lile liko mbele ya kanisa. Na mbele ya kanisa walikuwa wamekaa wanakwaya, wamevaa sare, wanasubiri basi lao. Na kwaya yenyewe haikuwa ya Matai, ilikuwa ya parokia yetu ya Sumbawanga, wamealikwa kuja kuimba, watu ninaowasagia unga kila wiki, na aliyekaa mbele kabisa na kayamba mapajani alikuwa Mama Skolastika, jirani yangu, ambaye siri kwake haijawahi kulala.

Mama Skolastika akapiga kigelegele kimoja kirefu, na wenzake wakapokea, kayamba zikaanza, ngoma ikaanza, wakatuzunguka wakiimba na kucheza, katekista akaingiza mkono dirishani akanipongeza, mtu akaanza kusukuma gari litoke kwenye tuta bila kuacha kucheza. Niliwaangalia wote hao kwanza. Yustina nilimwangalia mwisho, kwa sababu niliogopa, na nilipomwangalia nikajua kuna kitu kimeharibika ambacho si bomba.

"Harusi lini, Baba Ladi?" Mama Skolastika akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Nami, kwa kuchanganyikiwa, kichwa kikatikisika chenyewe. "Hata kesho," nikasema.

Nikashuka, nikaingia chini ya gari. Niliwaambia naangalia ekzosi, lakini ukweli nilikuwa nakimbia, na pale chini ndipo mahali pekee palipokuwepo. Nikalishika lile bomba kwa mkono mtupu likaniunguza vidole, masizi yakanimwagikia usoni, nikalala tu nikitazama mgongo wa injini. Baada ya muda nikaona viatu vyake. Akachuchumaa, kichwa chake kikaonekana kati ya gurudumu na mlango.

"Ladi."

"Nakusikia."

"Kule ziwani nilikwambia nini?"

Nikageuzia uso upande wa gurudumu.

"Ulinijibu kabisa. Ulisema hata kesho."

"Yustina, sikusikia kitu. Tangu Kasanga sijasikia hata neno moja."

Akakaa chini kabisa kwenye vumbi. Juu yetu wale wanaimba. Kisha akaniambia upya, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Kwamba anaolewa. Kuna mtu huko Mpulungu anaunda maboti, mgane, mpole, walifahamiana kanisani. Wakwe wanavuka wiki ijayo kuja kuposa kwa shangazi yake Sumbawanga, na upande wake hakuna mwanamume aliyebaki. "Nikakuomba ukae kwenye kiti cha Kasian. Nikakwambia sina mwingine wa kumwomba, ni wewe tu. Ndiyo maana nililia, ulivyokubali haraka."

Nilikuwa nimelala chali. Tone la mafuta ya injini liliniangukia kwenye paji la uso, nikaliacha liteleze.

"Na haya uliyoyasema wewe," akaendelea kwa sauti ya chini zaidi, "ya sasa hivi. Ni ya lini?"

"Ya hosteli."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua. Ulikuwa unakuja getini."

"Nilikuwa nakuja," akasema. "Mwaka mzima wa mwisho nilikuwa nakuja hata siku ambazo hakuna unga. Gari nilikuwa nalisikia, Ladi. Wewe ndiyo sikukusikia."

Nikamwuliza kama nitoke niwaambie wanakwaya ukweli. Akawaangalia, akakataa kwa kichwa. "Waache waimbe kwanza. Wamefurahi." Akanyoosha mkono wake chini ya gari, akanifuta masizi kwenye shavu kwa ncha ya kitenge, mara moja tu, akasimama.

Bomba tukalifunga kwa waya. Basi la kwaya lilikuja, wakamkaribisha apande awe na nafasi nzuri, akakataa, akasema amekuja na mimi atafika na mimi. Tukaendelea na safari ndani ya mngurumo uleule, sasa hata nisiposikia haikuwa na neno. Nilimshusha kwa shangazi yake na magunia yake, na nilipofika nyumbani nikaukuta mtaa mzima uko nje, maana basi lilitutangulia.

Kilichobaki wengine wenu mnakijua, mlikuwepo. Siku ya posa Mama Skolastika alileta nusu ya kwaya na sare zao, wakiamini wanakuja kunishangilia, wakaingia uani wakanikuta nimekaa upande wa wenye binti, kwenye kiti cha kaka. Akaniinamia sikioni: "Baba Ladi, mbona umekaa huku?" Nikamwambia ndiko ninakokaa. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema kitu, aliwakusanya wenzake wakakaa nyuma, kimya.

Yule bwana anayeunda maboti ni mtu mzuri, nilimtafutia kasoro nikakosa. Mshenga wao akaeleza walichofuata, akamaliza, akauliza kama kaka wa binti ameridhika na anasemaje. Nikasimama, nikajibu. Mshenga akasogeza sikio, akaniomba samahani, eti kule nyuma hawajasikia, niseme kwa nguvu kidogo. Basi nikasema tena, kwa nguvu, kwamba tumemlea, tunampenda, na tumekubali. Yustina alikuwa mlangoni, ameinamisha kichwa, naye alinisikia. Najua alinisikia kwa sababu alishika fremu ya mlango.

Walivuka kurudi zao Mpulungu, Yustina pamoja nao. Egidi amenifungia lile bomba jembamba lenye sailensa, gari ni kimya kabisa, na siku hizi nikiwa naendesha peke yangu huku uwandani nasikia upepo, nasikia ndege, nasikia mpaka kiti cha pembeni kikilialia kwa sababu hakuna mtu wa kukikalia. Sitachagua tena kitu kwa ajili ya kelele yake. Na nimeapa, mkinisikia nasema mwakani kwa jambo la moyo, nipigeni. Wewe mwenye mtu wako, zima gari, shuka, mfuate kwa miguu, umwambie leo, kwa sauti ya kawaida, na ukishamwambia nyamaza umsikilize anasema nini.